Mkalimani wa Padri Salvu

Wazee wa Karema wanamkumbuka Padri Salvu kwa pikipiki yake yenye kelele na kwa hasira zake, ambazo ziliisha kabla hajamaliza kugomba. Alikuja akiwa kijana kutoka Malta, kisiwa ambacho ni nchi nzima lakini ni kidogo kuliko tarafa nyingi za Katavi, akakaa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mpaka nywele zikawa nyeupe zote. Mtu aliyempikia muda mrefu kuliko wengine ni Verdiana, ambaye kila mtu humwita Mama Dorika kwa jina la binti yake wa pekee.

Verdiana aliingia jikoni kwa mapadri akiwa mjane mpya, Dorika bado anabebwa mgongoni. Alijifunza kuoka mikate kwa tanuri la udongo na mkaa, akajifunza Kiingereza kidogo cha jikoni, na zaidi ya yote alijifunza kumjua Padri Salvu: kwamba akinyamaza ana njaa, na akiimba ana wasiwasi. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba padri anasahau. Alianza kwa kutoka na kandambili ya mguu mmoja. Baadaye akasoma misa, akamaliza, akarudi altareni kuianza upya, na waumini wakabaki wanatazamana. Shirika lake likaamua arudi kwao akatunzwe. Siku ya kuondoka aligombana na dereva, akisema hajapangiwa safari yoyote, na gari liliondoka akiwa bado anagomba.

Baada ya hapo Verdiana hakuwa na sababu ya kubaki Karema. Akahamia Mwamkulu, pembeni mwa Mpanda, alikoolewa Dorika, akawa analima mpunga pamoja nao. Miaka ilipita bila habari. Halafu siku moja wakati wa kupalilia, Padri Oswaldi, paroko wa sasa wa Karema, akampigia simu.

"Mama Dorika, uko shambani? Kaa chini kwanza," alisema. "Padri Salvu bado yupo, ila kichwa kimechoka kabisa. Ndugu zake wanasema anamwita mtu kutwa nzima. Walidhani anamwita mama yake. Wamepekua ukoo wote, hawajaona mwanamke mwenye jina la Dorika."

"Mama yake alikuwa Karmena," Verdiana alijibu. "Kila mwaka tulikuwa tunamwombea."

"Ndiyo maana nimekupigia. Ni wewe anayekuita."

Kulikuwa na jambo jingine. Ugonjwa ule ulikuwa umemfutia lugha moja baada ya nyingine. Kiitaliano kilitangulia, kikafuata Kiingereza, mwishowe na Kimalta chenyewe alichonyonya kwa mama. Kilichobaki ni Kiswahili, na pale alipo hapakuwa na mtu wa kumwelewa. Walijaribu kumpa simu aongee na Padri Oswaldi. Aliigeuza, akatazama nyuma yake kumtafuta mtu, kisha akaisukuma mbali kwa hofu. Kwa hiyo Marthese, mtoto wa dada yake, mwalimu mstaafu, alikuwa anaomba Verdiana aende mwenyewe. Gharama zote ni juu yake.

Majirani walimpongeza kama mtu aliyepata mkwe tajiri. Mmoja aliagiza viatu. Dorika ndiye aliyefurahi zaidi. "Mama, hii ni bahati. Nenda ukaone dunia."

"Mtu anayeita namna hiyo hatafuti mpishi," Verdiana alimwambia. "Anatafuta mlango wa kutokea. Mimi nitampa mlango gani?"

Lakini alienda. Utamkataaje mtu anayekuita?

Alifika Malta katikati ya Kwaresima. Marthese alimpokea uwanja wa ndege, mwanamke mnene mwenye miwani, akamkumbatia kama ndugu. Njiani Verdiana alishangaa jinsi kila kitu kilivyojengwa kwa jiwe la aina moja, la rangi ya andazi, nyumba, makanisa, hata kuta za mashamba. Kwenye kona za mitaa kulikuwa na sanamu za watakatifu zimewashiwa taa, na nyumba nyingi zilikuwa na kibao cha Bikira Maria pembeni ya mlango. Redioni walikuwa wanasali rozari. Alijisemea kimoyomoyo kwamba kumbe padri alitoka mahali pazuri kiasi hiki, na hakuwahi kupasimulia.

Nyumba ya wazee ilikuwa juu ya mwinuko, na chumba cha Padri Salvu kilitazama bahari. Alikuwa kwenye kiti, amepungua, mikono imelala mapajani. Alimtazama Verdiana akiingia, hakushangaa hata kidogo.

"Umechelewa, Mama Dorika."

"Nimechelewa, Padri. Nisamehe."

"Kuku wamefungiwa?"

"Wamefungiwa wote."

Akacheka. Muuguzi, dada mmoja wa Kifilipino, akafunika mdomo kwa mkono, maana hakuwahi kumsikia akicheka. Marthese alilia waziwazi. Siku zile za mwanzo ilikuwa kama muujiza umetokea. Padri alikula. Aliruhusu kunyolewa. Verdiana aliwafundisha wauguzi kusema pole na karibu na kaa kidogo, nao wakayaandika maneno hayo ukutani juu ya kitanda.

Ila Verdiana alikuwa ameshaelewa jambo ambalo wao hawakulielewa. Padri hakujua kwamba yuko kwao. Alipotazama dirishani aliona ziwa. Alidhani yuko Kigoma, anangoja meli ya kumshusha Karema.

"Meli haijaingia?" aliuliza kila asubuhi.

"Bado, Padri."

"Wanasemaje pale ofisini?"

"Wanasema tusubiri."

Meli aliyokuwa anaingoja ilikuwa imeshaacha kutembea. Hata kama ingekuwapo, bahari ile haifiki Karema. Verdiana alijibu "bado" mpaka neno lenyewe likamchosha ulimini.

Kila jioni Marthese alitaka kujua mjomba amesema nini, na Verdiana alimtafsiria alichoweza. Siku moja Marthese alikuja na picha ya mama yake, Lucia, dada wa pekee wa padri. Lucia hakuolewa tena baada ya mumewe kufa. Miaka yote hiyo alikuwa amemtandikia kaka yake kitanda kwenye chumba cha juu, akibadili shuka kila sikukuu, mpaka akafa mwaka mmoja kabla kaka hajarudishwa.

"Muulize kama anamkumbuka mama yangu," Marthese alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto.

Verdiana akaishika picha mbele ya padri. "Padri, huyu ni Lucia. Dada yako."

Padri aliitazama kwa adabu. "Mimi sina dada," alisema. "Watu wangu wako Karema. Na huyu mama mwenye miwani ni nani? Mwambie asinishikeshike, simjui."

"Anasemaje?" Marthese aliuliza.

Verdiana alimtazama yule mwanamke, picha mkononi, kola ya gauni imekaa upande. Maneno ya kweli yalikuwa mepesi, hata kwa Kiingereza chake. Hayakutoka.

"Anasema anamwombea Lucia kila siku," alisema.

Marthese aliibusu ile picha. Kutokea hapo akapata nguvu mpya. Kama mjomba anamkumbuka dada yake, alisema, basi mengine pia yamo, yamefunikwa tu. Akapanga kwamba Verdiana ajifunze mambo yote ya kisiwani, ya utoto wa mjomba, kisha amsimulie kwa Kiswahili, labda njia itafunguka. Verdiana alijua msingi wa mpango huo ni uongo wake. Hakuweza kurudi nyuma, akakubali.

Hivyo ndivyo alivyojifunza Malta, kwa bidii ya mtu anayelipa kosa. Kila mahali Marthese alimwonyesha na kumweleza, naye aliuliza mpaka aelewe. Alikuta kwamba Kwaresima wanaiita Randan, akashtuka, kwa sababu kule Karema jirani yake wa zamani Kasimu alikuwa kwenye Ramadhani wakati huohuo. Walipohesabu, sita ilikuwa sitta na saba ilikuwa seba. Dunia kwao ni dinja, na wakati ni zmien, kama zamani. Mungu, watu hao wanaosali rozari, wanamwita Alla.

"Nyie na sisi tumekula sahani moja siku fulani," alimwambia Marthese, wakacheka wote wawili. Ilikuwa mara yao ya mwisho kucheka pamoja.

Alhamisi Kuu walitembelea makanisa saba kwa miguu, umati mzima umenyamaza, viatu vinasikika kwenye mawe. Ijumaa Kuu aliona wanaume wakibeba sanamu za Mateso mabegani, na nyuma yao watu waliojifunika nyuso, peku, wakiburuta minyororo kwa nadhiri zao. Bendi ilipiga wimbo wa maziko polepole. Wanawake barazani walilia kana kwamba Yesu amefariki asubuhi ileile kwenye mtaa wao. Verdiana naye alilia, lakini alikuwa anamlilia padri, aliyewahi kuwa mtoto kwenye maandamano yale na sasa hayajui.

Kesho yake alimweleza yote. Sanamu, minyororo, keki za lozi za Pasaka zenye umbo la samaki na kondoo, mama anazificha juu ya kabati watoto wasizione. Alisimulia vizuri, kama alivyozoea kumsimulia habari za kijiji wakati akipepeta mchele. Padri alisikiliza mpaka mwisho.

"Wanaishi wapi watu hao?" aliuliza.

"Hapa, Padri. Ni kwenu."

"Ni watu wazuri," alisema, kisha akageukia dirisha. "Meli haijaingia?"

Wiki zilipita namna hiyo. Ni Marthese aliyefikiria mkate. Alinunua mkate wa kienyeji wenye gamba gumu, akausugua kwa nyanya iliyokatwa, akamwagia mafuta ya zeituni na chumvi, kama bibi yake Karmena alivyokuwa akiwaandalia watoto wakitoka kuogelea. Verdiana akamkabidhi padri kipande mkononi.

Alitafuna taratibu. Akaacha kutafuna. Kisha akauinua mkono wake, akauweka shavuni kwa Marthese, akasema neno moja ambalo Verdiana hakulielewa. Akasema jingine, halafu sentensi nzima. Marthese akaruka. Kilikuwa Kimalta.

Sasa Verdiana ndiye aliyekuwa nje. "Anasemaje?" aliuliza.

"Anauliza mama yake yuko wapi," Marthese alisema huku anacheka na kulia. "Anasema aliahidi kuja bandarini kumuaga, mbona hajamwona."

Na kabla Verdiana hajamshika mkono, Marthese, kwa furaha yake, akamjibu mjomba wake ukweli. Alimwambia mama alifariki zamani, wakati yeye akiwa Afrika.

Padri Salvu alimtazama. Mkate ukamwanguka. Mdomo ukafunguka, sauti ikachelewa, na ilipotoka haikuwa ya mzee. Alilia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Miaka ile barua ya msiba ilipofika Karema, Verdiana alimwona akiisoma, akaikunja, akaenda kuzika mtoto wa watu siku hiyohiyo bila chozi. Yale machozi yalikuwa yamekaa mahali fulani yakimngoja. Sasa yalimkuta hana akili ya kuyabeba. Wauguzi walikuja, Marthese alipiga magoti akiomba msamaha kwa lugha ambayo padri alikuwa ameshaanza kuipoteza tena, na hakuna kilichosaidia mpaka walipompa dawa ya usingizi.

Asubuhi Kimalta kilikuwa kimeondoka. Alikuwa amegeukia ukutani.

"Mama Dorika," aliita. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Padri."

"Mbona nina msiba?"

Verdiana akamvutia shuka mabegani. Swali lile lilirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Huzuni ilibaki mwilini ingawa sababu yake ilikuwa imefutika, na mtu asiyejua anachokililia huwezi kumpa pole. Hakuuliza tena habari za meli. Hakula. Marthese aliacha kuleta picha, akaacha kuuliza amesema nini. Alikuja, akakaa mlangoni mkoba magotini, akaondoka.

Visa ya Verdiana ilikuwa ya miezi mitatu. Marthese aliomba aongezewe muda, akaandika, akaenda ofisi hii na ile, akakataliwa. Siku ya mwisho ilipofika hawakujua wamuageje. Verdiana alisema atamuaga yeye mwenyewe, kwa ukweli kiasi kinachowezekana.

"Padri, narudi Karema."

Uso wake ulifunguka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkate. "Meli imekuja?"

"Nasafiri, Padri."

Akashika mikono ya kiti, akajaribu kusimama. "Kofia yangu iko wapi? Mwambie huyo dada alete begi langu. Wasituache."

"Padri, natangulia mimi. Wewe bado kidogo."

Alimtazama, na kwa muda mfupi Verdiana aliona yule padri wa zamani aliyewahi kumjua, mwenye akili zote, anaelewa kabisa kinachotendeka. Padri akamshika mkono wa gauni.

"Unaniacha na nani?"

"Na ndugu zako."

"Hawa sio ndugu zangu. Mama Dorika, nimekukosea nini? Hawa hawanisikii. Mimi nikisema, hawanisikii."

Verdiana hakuweza kuutoa mkono wake. Ni muuguzi aliyemfungua padri vidole, kimoja kimoja, akisema "pole, kaa kidogo, pole," maneno aliyofundishwa. Korido nzima, mpaka kwenye lifti, Verdiana alisikia anaitwa kwa jina la mtoto wake.

Kabla ya safari Marthese alikuwa amerekodi sauti ya Verdiana akisali rozari kwa Kiswahili na kusema maneno ya kawaida, ili padri asibaki kwenye ukimya. Walimwekea. Mara ya kwanza alitulia. Mara ya pili aliinuka kumtafuta alipo, akafungua kabati, akatazama nyuma ya pazia, akaelekea mlangoni akiita, akaanguka. Nyonga ilivunjika. Waliizima ile sauti na hawakuiwasha tena. Alipotoka hospitali hakuongea na mtu, kwa lugha yoyote. Haukupita muda akafa.

Marthese alimtumia Verdiana video ya mazishi kwenye simu ya Dorika. Kanisa lilijaa. Marthese alisimama na karatasi, akasoma kwa Kimalta, kisha kwa Kiingereza kwa ajili ya mapadri wageni. Alisema mjomba wake hakuwahi kuisahau familia. Alisema hata katika ugonjwa wake alikuwa akimwombea dada yake Lucia kila siku, kwa Kiswahili, na kwamba wana shahidi.

"Kumbe alikuwa anakumbuka, mama," Dorika alisema, akifuta macho. "Si afadhali."

Verdiana aliirudisha simu, akatoka nje. Mpunga ulikuwa umeanikwa uani, akaugeuzageuza kwa miguu ingawa ulikuwa umeshakauka. Kuna siku alitaka kumpigia Marthese amwambie. Lakini amwambie ili iweje? Amtandulie Lucia kitanda kile alichokitandika miaka yote? Akanyamaza, na ule ukimya ukawa wake kuubeba peke yake. Dorika aliona mama yake amepungua, akadhani ni uzee.

Padri Oswaldi akapanga misa ya marehemu Karema. Verdiana alipanda gari la abiria Mpanda alfajiri, barabara mbovu, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Wakati wote huo alikuwa anawaza kwamba angalau huku kuna watu wake. Mara ngapi padri alisema, watu wangu wako Karema. Angewakuta, wangelia pamoja, msiba ungepata wenyewe.

Kanisani walikuwa wachache, wazee watupu, na vijana wa kwaya waliokuja kwa sababu ni zamu yao. Padri Oswaldi alisoma jina. Vijana wakaulizana kwa macho ni nani. Baada ya misa Verdiana alikaa barazani na Pelagia, rafiki yake wa zamani, ambaye padri alimbatizia watoto wote saba na kuwazika wawili.

"Nimeshangaa kusikia tangazo," Pelagia alisema. "Hivi alikuwa bado yupo?"

"Alikuwepo, Pelagia. Nilikuwa naye. Alikuwa anawataja nyie."

"Mbona sisi tulishasikia alikufa mwaka uleule alioondoka? Tukamsalia na rozari za siku tisa, tukala na uji." Pelagia akatikisa kichwa, akajifunga kanga vizuri. "Tulishamaliza naye zamani, mwenzangu."

Akanyanyuka, akasema ameacha dagaa juani na mvua inanukia. Verdiana alibaki barazani. Ufukweni mitumbwi ilikuwa imepinduliwa, na maji yalikuwa matupu mpaka upande wa Kongo.